Chungu Nilichofinyanga Siku ya Sabato

Nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa Lyulilo, kijiji cha kando ya ziwa, mwenye magoti yaliyopauka kwa udongo, siku bibi yangu mzaa baba alipotutangazia kwamba sisi ni Waisraeli. Tulikuwa tunakula. Baba alisimamisha tonge la wali mkononi, akauliza, "Tangu lini, mama?"

"Tangu zamani," bibi akajibu. "Ni vile tu tulipotea."

Habari hiyo aliipata kwa mzee mmoja wa Njisi, muumini wa Sabato, aliyekuwa akizunguka vijijini kwa baiskeli akiwaambia watu kwamba makabila ya Israeli yaliyopotea hayakupotea kabisa. Mengine yako huku huku kwetu, yanalima mpunga na kuvua samaki bila kujijua. Sisi wa ufukweni, alisema, ni ukoo wa Zabuloni, yule mwana wa Yakobo aliyebarikiwa kukaa kando ya maji. Wengi walimcheka. Bibi hakucheka, kwa sababu yeye alikuwa na ushahidi wake.

Bibi alikuwa mfinyanzi hodari kuliko wote pale kijijini. Ufinyanzi alifundishwa na bibi yake, na pamoja na ufundi huo alirithi onyo: udongo una siku yake ya kupumzika, siku moja baada ya kila sita. Chungu kilichofinyangwa siku hiyo hakishiki maji, na kikiingia motoni huviponza vyungu vingine.

"Bibi yangu hakujua kusoma hata herufi moja," alipenda kusema. "Dini ilimkuta mtu mzima. Sasa nani alimwambia habari ya siku ya saba, kama si Waisraeli wenyewe?"

Basi nyumba yetu ikaanza kushika Sabato. Ijumaa, kabla jua halijazama upande wa tambarare, maji yawe yameshachotwa, chakula kimepikwa na moto umezimwa. Kambale wakapigwa marufuku kwa kuwa hawana magamba. Baba, aliyempenda kambale kuliko samaki wote wa ziwa lile, alisema kwamba katika Uisraeli hilo tu ndilo lililomuuma. Mama naye alikuwa na lake. Jumamosi ndiyo siku ya soko letu, siku mitumbwi inapokuja kupakia vyungu, na hakuwa tayari kuiacha.

"Mimi nimeolewa tu kwa Waisraeli," alisema huku akijifunga kanga. "Sikuzaliwa huko."

Akaenda sokoni na vyungu vyake. Bibi aliuza vya kwake Ijumaa, kwa wachuuzi wachache waliowahi kufika.

Kusema kweli, mimi niliipenda Jumamosi. Sikutumwa maji wala kuni. Bibi alivaa kitenge chake kizuri, akakaa kwenye mkeka na kunisimulia jinsi Yusufu alivyotupwa shimoni na ndugu zake, kwa namna ambayo ungedhani shimo lenyewe liko Bujonde, jirani tu, na ndugu hao anawafahamu kwa majina. Lakini lile onyo la udongo halikunitoka akilini. Nilikuwa mtoto wa aina ile ambaye akiambiwa sufuria ni ya moto lazima aiguse.

Jumamosi moja, mama akiwa sokoni, baba amelala na bibi akisinzia kwenye mkeka, nilinyata hadi nyuma ya migomba palipokuwa na udongo uliofunikwa kwa majani. Nikamega donge. Nikalizungusha juu ya kigae kama nilivyofundishwa, nikalikwangua kwa gunzi, nikalisugua kwa kokoto mpaka likang'aa. Kilikuwa chungu kidogo, cha kutosha maji ya kikombe kimoja. Nilikificha chini ya majani makavu ya migomba.

Nilidhani nafanya mchezo. Usiku ule ndipo nilipogundua nimejifunga mwenyewe. Kama chungu kingevuja, basi nilikuwa nimeivunja Sabato na adhabu yangu ilikuwa njiani. Kama kisingevuja, basi bibi alikuwa mwongo, na pengine hata Uisraeli wetu ulikuwa uongo. Nililiwaza jambo hilo siku nne nzima.

Alhamisi bibi aliamua kuchoma, ili vyungu viwahi wachuuzi wa Ijumaa. Alipokuwa akipanga kuni na nyasi, nilikitumbukiza changu ndani ya tumbo la mtungi mkubwa. Jirani yetu Mama Atupele, ambaye tangu habari ya Njisi alikuwa akimwita bibi "Mama Zabuloni", alikuwepo na vyungu vyake viwili, maana mara nyingi walichoma pamoja.

Moto ulipokolea, tukasikia mlio. Paa! Kisha wa pili. Mama aliweka mikono kichwani. Majivu yalipopoa, mitungi yote miwili mikubwa ya bibi ilikuwa vipande. Bibi aliviondoa kimoja kimoja kwa kijiti, mara akakuta katikati yake kile kichungu changu, chekundu na kizima. Alikigonga kwa kucha. Kililia vizuri kama kengele.

"Hiki cha nani?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini machozi yalikuwa yameshanitangulia. "Changu, bibi."

"Ulikifinyanga lini?"

"Sabato."

Mama alivua kandambili. Mama Atupele alipiga makofi, akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, Mama Zabuloni! Vyako vimepasuka, cha Sabato ndicho kizima!"

Bibi alimzuia mama kwa mkono, akashuka ziwani na kile kichungu, akakijaza maji, akarudi kukiweka juu ya kigoda kikavu. "Tukae," alisema. "Tuone."

Tukakaa, wanawake watatu na mimi, tukikitazama kichungu kana kwamba ni mgonjwa. Hata baba alitoka ndani akachutama. Sijawahi kuomba Mungu kama nilivyoomba siku ile, na ombi langu lilikuwa moja: kivuje. Nilikuwa radhi kandambili zote za Lyulilo ziniishie mgongoni, mradi bibi asiaibike mbele ya Mama Atupele. Punde ubavu wake ukaanza kulowa. Niliruka. "Kinavuja! Bibi, kinavuja!"

"Hakivuji," bibi alisema kwa upole. "Kinatoka jasho. Vyungu vyote hutoka jasho."

Kigoda kilibaki kikavu. Kivuli cha migomba kilihama kutoka miguuni mwetu, na maji yalikuwa pale pale ukingoni. Hatimaye bibi alikichukua, akanywa nusu, nusu nyingine akanipa mimi.

"Ni chungu kizuri," alisema. Kisha akamgeukia Mama Atupele. "Bibi yangu alikosea. Na mimi nilimfuata. Mitungi ilipasuka kwa kuwa niliiharakisha, haikuwa imekauka. Niliyaona hayo asubuhi, nikajifanya siyaoni."

Mama Atupele aliacha kucheka. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa hakujua pa kuuweka. Alichukua chungu kimoja kati ya vile vyake viwili, akakisogeza mbele ya bibi. "Kesho usiende kwa wachuuzi mikono mitupu."

"Ndaga," bibi alishukuru, na wakaanza kufagia majivu.

Mimi nilijua basi, Uisraeli umekwisha, kambale watarudi. Lakini Ijumaa ilipofika jioni, bibi aliniagiza maji mapema kama kawaida, akazima moto, akatandika mkeka.

"Lakini bibi, chungu hakikuvuja," nikamwambia.

Alifikiri kwanza. "Mwanzoni nilikuwa napumzika kwa woga," alisema. "Nimeufinyanga udongo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, Tumpe, na kila mara naogopa kukosea siku. Kesho nitapumzika bila woga. Nataka kujua kukoje."

Jumamosi ile alilala usingizi wa mchana mpaka baba akaenda kumwangalia kama anapumua.

Bibi hayupo tena. Mimi sasa ni fundi cherehani Kyela mjini, na wateja wangu wanajua kwamba Jumamosi sifungui. Vijana wa ukoo hunitumia video kwenye simu kuhusu makabila yaliyopotea, wengine wakiapa sisi ni Zabuloni, wengine wakiwacheka, na wote wanataka niseme niko upande gani. Binti yangu aliniuliza waziwazi mwezi uliopita, tukiwa tumekaa barazani bila kazi: "Mama, kwani sisi ni Waisraeli kweli?"

Nilimwambia sijui. Alitaka zaidi, kwa hiyo nikamweleza ninachokijua: kwamba nilimwona mwanamke mzee akipoteza ushahidi wake wote mbele ya jirani aliyemcheka, akakubali kwamba amekosea, na kesho yake akatandika mkeka wake akiwa na furaha kuliko kabla. Watu wa namna hiyo, sijali walitoka wapi. Ningependa tu nihesabiwe katika ukoo wao.