Sorry ya Mama Darlène

Verdiane hakujua kuogelea hata kidogo, na hilo halikumzuia mtu yeyote kumkabidhi kitabu. Kilikuwa kitabu kinene cha jalada la kijani, na ndani yake mlikuwa na ugomvi wote wa miaka thelathini na mitatu baina ya wasichana wa Wirrabell, shule ya huku magharibi ya Sydney jirani na Seven Hills, na wasichana wa Ardmoyle, shule ya ng'ambo ya jiji ambako nyumba zinatazama bahari. Mchezo wao ni polo ya majini: mpira mmoja, goli kila upande, na mchezaji haruhusiwi kusimama chini hata kama miguu inafika.

Hapo kwenye kusimama ndipo balaa ilipoanzia. Mwaka 1987, mechi ya kwanza, Wirrabell walishinda nyumbani kwao, kwenye bwawa lenye upande mmoja wa kina kifupi. Ardmoyle wakasema wenzao walisimama. Wirrabell wakasema wenzao hawajazoea maji ya baridi. Basi, tangu siku hiyo hakukukalika. Mwaka 1994 Ardmoyle walikuja na ufito wa kupimia kina. Mwaka 2003 mechi moja iliandikwa kuwa na washindi wawili. Mwaka 2011 akina mama waligombana juu ya chai, na kuanzia hapo kila upande ukawa unakuja na birika lake. Verdiane aliyasoma hayo yote jikoni kwake Blacktown huku akitikisa kichwa.

"Watu hawa hawajawahi kukimbia vita," alimwambia mume wake Bertrand, "ndiyo maana wanajitengenezea vya kwao."

Yeye alikuwa amekimbia. Alizaliwa Ruyigi, Burundi, akakulia kambi ya Mtabila huko Kasulu, ambako daftari moja lilitumiwa na watoto watatu na mwalimu hakuwa na mchezo na mwandiko mbaya. Mwaka 2007 alifika Australia akiwa na Darlène mgongoni. Akapata kazi ya kutunza wazee Granville, na kwa kuwa Bertrand ni Mkongo wa Uvira, nyumba yao ikawa ya Kiswahili. Wazazi wanaongea Kiswahili, Darlène anajibu kwa Kiingereza, na wanaelewana vizuri tu mpaka pale wanapokosana. Darlène alipoingia timu ya Wirrabell, kocha aliona mwandiko wa mama yake kwenye fomu, akasema, huyu ndiye wa kukaa mezani kuandika magoli. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Ikaja korona. Mechi za Machi 2020 zikafutwa, na pande zote mbili zikadai kombe. Novemba michezo iliporudi, ilirudi na masharti yake: wazazi wasiingie kwenye jengo la bwawa, wakae ndani ya magari yao nje. Wachezaji, makocha, refa na watu wa meza tu ndio walioruhusiwa. Sakafuni walibandika utepe wa manjano, na kila mtu aliambiwa akae mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake. Kwa hiyo siku ile Verdiane, aliyetoka moja kwa moja kazini na miguu ikimuuma, ndiye aliyekuwa mzazi pekee ndani ya jengo zima.

Robo ya tatu, magoli sita kwa sita, wasichana watano wakabanana mbele ya goli la Wirrabell. Maji yakaruka kama sufuria inayochemka. Mpira ulipotoka, nahodha wa Ardmoyle, Imogen, aliibuka na pua inayovuja damu. Aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni Darlène, kofia namba saba. Refa hakuona kitu.

Wakamtoa Imogen, wakamketisha kwenye ukingo, halafu wakamsahau. Kocha wa Ardmoyle alikuwa anamfokea refa. Kocha wa Wirrabell alikuwa anamfokea kocha wa Ardmoyle. Wengine walisimama nyuma ya utepe wao, wakihesabu mita moja na nusu. Mtoto wa watu anatetemeka, damu inadondoka magotini, na watu wazima wanabishana kiwiko kilichompiga ni cha nani! Verdiane akapandwa na hasira. Akaacha kitabu, akauruka utepe, akamshika yule msichana kichwa, akakiinamisha mbele, akambana pua kwa taulo.

Akampa pole, kama mtu yeyote aliyelelewa. Ila msichana hakujua Kiswahili, kwa hiyo akaitafsiri. Pole mwanangu, pole. "Sorry, my daughter," akasema. "Sorry, my daughter. Sorry."

Refa alikuwa nyuma yake, na kalamu mkononi.

Siku ya tatu ilifika barua ya kamati ya mashindano, kufuatia malalamiko ya Ardmoyle. Mama wa mchezaji namba saba, ilisema, alikiri na kuomba radhi mbele ya refa kwa maneno yake mwenyewe: samahani, ni binti yangu. Darlène amefungiwa mechi ya mwisho ya msimu. Nayo ndiyo mechi ambayo wateuzi wa timu ya jimbo walikuwa wanakuja kumtazama, baada ya miaka minne ya kuamka alfajiri.

"Sikumgusa!" Darlène alilia kwa Kiingereza. "Mum, umenishtaki mwenyewe!"

Verdiane alimpigia simu Zilpah, nesi Mkenya anayesali naye Blacktown, anayejua kuandika barua za ofisini.

"Aki Mama Darlène," alisema Zilpah, "ulimwambia mzungu *my daughter*? Na refa amesimama hapo?"

"Sasa nimwite nani? Shangazi?"

"Ungenyamaza tu!"

"Mtoto anavuja damu, ninyamaze?"

Zilpah akashusha pumzi. Alikata rufaa kwa niaba yao, akamwandikia Verdiane sentensi moja ya kusoma mbele ya kamati: *I withdraw my apology.* Naondoa radhi yangu. "Usiongeze kitu," alimwonya. "Nakujua. Soma, nyamaza."

Kikao kilifanyika Jumamosi mchana kwa Zoom, Verdiane na Darlène wakiwa mezani jikoni. Dakika kumi za kwanza ziliishia kwenye kuambiana sauti haisikiki. Hatimaye mwenyekiti, mzee wa miwani, akamwomba Mama Darlène asome alichoandika.

Verdiane akashika karatasi. Kwenye skrini alikaa Imogen pembeni ya mama yake, plasta puani, chini ya macho pameiva zambarau. Verdiane akaisoma tena kimoyomoyo ile sentensi ya Zilpah. Ati aondoe pole! Amwambie mtoto aliyevunjika pua kwamba ile pole ya juzi anaitaka irudi, imekuwa ya kuazimana? Alimtazama Darlène, akaona jinsi alivyokaza taya, na moyo ukamuuma sana. Alijua anachokiharibu.

"No," akasema. "Siwezi. I don't take it back."

"Basi kukiri kwako kunabaki," alisema mwenyekiti, akaanza kuandika.

Darlène akalipuka.

"Hajakiri kitu!" alipaza sauti kwa Kiingereza. "Anasema hivyo kwa kila mtu! Nikirudi kutoka shule ananiambia sorry, kana kwamba shule ni ugonjwa. Aliyeleta kifurushi, sorry. Jirani akibeba takataka, sorry. Na kila mtu ni *my daughter*! Mbwa wa jirani anachechemea, anaambiwa *sorry, my daughter*, na ni dume! Mimi nimechoka! Ni neno moja tu, maana yake ameona umeumia, basi. Nyinyi hamna neno hilo, hilo si kosa letu!"

Mwenyekiti akavua miwani.

Mama wa Imogen ndiye aliyezungumza. Tangu mwanzo hakuwa amesema lolote. "Mimi nilikuwa ndani ya gari," alisema polepole. "Niliona watu wanakimbia mle ndani. Nilikwenda mlangoni mara mbili, wakanirudisha." Akamgeukia binti yake. "Nani alikuwa na wewe?"

"Yeye," alisema Imogen kwa sauti ya puani, akiinyooshea kidole skrini. "Wengine wote walikuwa wanapiga kelele." Akafikiri kidogo. "Na sijui ni kiwiko cha nani, Mum. Nimewaambia mara tatu. Hakuna aliyeandika."

Mama yake akamwambia mwenyekiti kwamba Ardmoyle inaondoa malalamiko, na kwamba yeye mwenyewe atamweleza kocha. Mwenyekiti akasema hakuna kesi tena, namba saba atacheza. Darlène akauma midomo, machozi yakamtoka, akamkanyaga mama yake mguu chini ya meza: asante, sasa nyamaza, funga hii kompyuta.

Verdiane akanyoosha mkono kuifunga. Lakini pale kwenye skrini yule mama alikuwa amejifunika uso kwa viganja viwili, mtu mzima aliyezuiwa mlangoni huku mwanawe akivuja damu, na maneno yakamtoka Verdiane kabla hajayashika.

"Sorry, my sister."

Darlène akalaza kichwa mezani.