Kijiko cha Mkwe Wangu

Mke wa mwanangu ni mtu wa maneno machache. Alikuja kwangu na begi moja na cherehani ya mkono, na tangu mumewe aende mbali kutafuta kazi, yeye ndiye anayenilisha kwa kushona sare za shule. Shule zikifungwa hakuna wa kushonewa, na sufuria zinalala zimefunikwa.

Ndipo akajiunga na kikundi cha zahanati kinachokutana kila Alhamisi. Nikamfuata, nikaone wanadanganywa nini. Mwalimu wa lishe, binti mdogo tu, alitufundisha kupanga chakula cha wiki, kupanda mboga kwenye magunia, na kusema shida bila haya. Wenye haya aliwatafutia njia: kila mtu aje na kijiko chake. Kama jana ulipika, kitie kwenye bakuli. Kama hukupika, kilaze mkekani, upewe unga wa kikundi.

Alhamisi ya kwanza mkwe wangu alikilaza mkekani. Nikakiokota, nikakitia bakulini pamoja na changu.

"Mama, jana hatukupika," akaninong'oneza.

"Nyamaza. Mimi sijala cha bure tangu nizaliwe."

"Lakini ninanyonyesha, mama."

Nikajifanya kiziwi. Masikio yangu huharibika ninapotaka. Wiki tatu nilikiokota kile kijiko.

Wiki ya nne mjukuu wangu akapimwa uzito. Mwalimu akasoma mizani, akampima tena, akamgeukia mkwe wangu.

"Maziwa yanatoka?"

"Kidogo."

"Na wewe unakula? Kijiko chako kila wiki kiko bakulini."

Mkwe wangu akatazama miguu yake. Hakunitaja. Angenitaja mbele za watu ningepata pa kukasirikia. Kunyamaza kwake ndiko kunakoniuma hadi leo.

Niliinuka, nikatoa vijiko vyetu viwili, nikavilaza mkekani.

"Bibi, umekosea pa kuweka," akasema mwenzetu mmoja wa kikundi, muuza mkaa mwenye ulimi wake.

"Nilikosea wiki tatu. Leo ndiyo nimepatia."

Unga niliubeba mwenyewe. Njia nzima nilikuwa na neno la kumwomba radhi, likagoma kutoka. Nilimkorogea uji, nikakaa mlangoni mpaka akamaliza bakuli.

Mtoto sasa anatambaa. Lakini kila nikimbeba, mikono yangu inampima kwanza.