Kengele ya Mguu wa Kushoto

Karakana nzima ilimwita Kengele, na jina hilo hakupewa kwa huruma. Kulikuwa na watu wanaoendesha tramu, halafu kulikuwa na yeye. Hayo aliyasema mwenyewe, asubuhi, mchana, hata akiwa na tonge mdomoni.

Tramu yake ilikuwa kuukuu, chuma kitupu, ikikata kona inalia kama imefiwa. Lakini kengele yake, jamani! Ilikuwa chini, upande wa mguu wa kushoto, unaikanyaga kwa kisigino. Madereva wengine waliikanyaga ti, ti, kama wanaua mende. Yeye aliipiga ngoma: ta, ta-taa, ta! Mbwa walitoka relini wenyewe, na wauza magazeti wakatingisha mabega.

Pale reli inapojikunja na tramu kulazimika kutambaa ndipo ilipokuwa nyumba yake. Kwenye dirisha refu la kufika sakafuni, usawa wa barabara, ilikaa cherehani ya mkewe, fundi wa nguo za kike. Kila Kengele alipofika kwenye kona ile mguu wa kushoto ulijiendea wenyewe: ta, ta-taa, ta! Mkewe, pini zimejaa mdomoni, macho kwenye kitambaa, aliinua mkono mmoja bila kutazama. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao ya mchana, na Kengele hakuwa na malalamiko.

Kisha zikaja tramu mpya.

Ndefu, zimeungwa vipande vipande kama kiwavi, sakafu iko chini unaingia bila kupanda ngazi, vioo vyeusi vipana tangu magotini hadi juu. Na kimya! Inakupita mgongoni hujui. Karakana ikaomba madereva wa kwenda mafunzo, na wa kwanza kuombwa alikuwa Kengele. Akajipiga kifua.

"Mimi nikajifunze tramu? Tramu ndiyo ije ijifunze kwangu! Lile si gari, ni friji limepewa magurudumu."

Watu wakacheka, naye akafurahi kuchekesha watu. Nafasi ikaenda kwa Mtanashati, kijana wa mashati yaliyopigwa pasi hadi kwenye kola, ambaye Kengele mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Hapo kicheko kikaisha. Ratiba mpya ilipotoka, Mtanashati na kiwavi chake walipangwa kutangulia, Kengele na chuma chake wakafuata nyuma.

Siku ya kwanza tu, kwenye ile kona, Kengele akaona jambo ambalo hajawahi kuliona. Tramu mpya ilikuwa inatambaa mbele ya dirisha lake, na mkewe alikuwa amesimama. Amesimama wima! Cherehani ameiacha. Amevaa gauni jipya, anaangalia ile tramu kwa macho yote mawili, mikono yote miwili juu.

Yeye miaka yote amepewa mkono mmoja, tena usio na macho. Mtanashati kapewa miwili, na gauni juu yake!

Ilipofika zamu yake kupita, akaikanyaga kengele mpaka abiria mmoja akadondosha mwavuli. Mkewe alikuwa ameshakaa. Mkono mmoja juu. Macho kwenye kitambaa.

Kesho yake hivyo hivyo, gauni jingine. Wivu ukampanda Kengele. Karakanani alimtazama Mtanashati akichana nywele mbele ya kioo cha chooni, akajisemea, kumbe, mtu anachana nywele kwa ajili ya mke wangu.

Kumuuliza mke waziwazi hakuweza. Kuuliza kungekuwa kukubali kwamba dereva bora wa mji mzima anamwonea wivu mtoto aliyemfundisha kushika breki. Akaamua kuzunguka.

"Mke wangu, hizi tramu mpya unazionaje?"

"Weee! Nzuri, mume wangu. Nikiona inakuja tu nasimama. Siku hiyo kazi yangu inanyooka."

"Unasimama."

"Nisisimame kwa nini? Tena ingekuwa inakwenda polepole zaidi, ningeshukuru."

Kengele akasukuma sahani pembeni.

"Huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na hujagusa kitu? Au bado unanikwepa nisikukumbushe kioo?"

Kioo chenyewe kilikuwa kile kirefu cha kabati, cha kujionea tangu kichwani hadi miguuni. Walipolihamisha kabati, Kengele aliwafukuza wasaidizi wote, akasema ana mgongo wa treni. Mgongo ulifika, kabati likafika, kioo kikafika vipande vipande. Akaahidi kingine mwisho wa mwezi. Miezi ikaisha na kuisha, fundi wa watu akabaki na kijioo cha kiganjani, anajitazama sikio moja moja. Lakini usiku ule Kengele hakuwa na nafasi ya vioo kichwani. Kichwa kilikuwa kimejaa mikono miwili.

Asubuhi akaenda kwa mkufunzi, mama mmoja mfupi asiyepoteza maneno.

"Mama, nimekuja kujifunza friji."

"Nilijua utakuja," mama akajibu. "Wenye mdomo mrefu huwa mnachelewa tu."

Akafundishwa. Vitufe alivishika upesi, hilo tumpe. Tatizo lilikuwa moja. Kwenye tramu mpya, kengele imehamia kwenye kitufe cha kidole gumba. Na pale chini, kwenye mguu wa kushoto, ambapo Kengele amepiga ngoma nusu ya maisha yake, wameweka kanyagio la breki ya dharura.

"Mguu huo uusahau," mkufunzi akamwambia.

"Mama, huu mguu unanitii kama mtumishi."

Siku ya mtihani tramu haikubeba abiria. Nyuma ya Kengele walisimama mkufunzi na Mtanashati, aliyeletwa kusaidia. Kengele alifurahi moyoni. Leo mke wake atamwona yeye ndani ya kile kiti cha kifalme, na yule kijana amesimama nyuma kama abiria aliyekosa siti. Leo mikono miwili ni yake.

Alikwenda vizuri, laini, hata mkufunzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakaingia kwenye kona. Dirisha hilo. Mkewe anainuka. Kidole gumba cha Kengele kilikuwa tayari juu ya kitufe. Lakini mguu wa kushoto haukumsubiri mtu.

Ta!

Tramu ikaganda. Mchanga wa kuzuia magurudumu yasiteleze ukamwagika relini, Mtanashati akaruka akabusu kioo, shati likachomoka kwenye suruali.

"Mwalimu wangu," akasema kutoka chini, "hiyo si kengele."

"Baba, kwa nini umefunga breki?" mkufunzi akauliza.

"Nimeona hatari."

"Iko wapi?"

"Imepita."

Lakini Kengele hakuwa anawasikiliza. Chumba chake cha dereva kilikuwa kimeshalipita dirisha. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiskrini kidogo kinachoonyesha ubavu wa tramu. Mkewe alikuwa humo, gauni la njano, mikono miwili juu. Hakutabasamu. Hakumtafuta dereva yeyote. Alikikodolea macho kile kioo cheusi cha tramu mbele yake, akainamisha kichwa kutazama kwapa la kulia, akavuta mshono. Akatazama la kushoto. Akageuka, akajiangalia mgongo juu ya bega. Akapiga magoti nusu, akashika pindo, akakunja uso, akachomeka pini.

Kengele akamtazama Mtanashati, aliyekuwa anatafuta kifungo sakafuni. Masikini ya Mungu. Hakupewa hata mkono mmoja.

Mkufunzi akamrudisha kwenye chuma chake mpaka mguu utakaposhika adabu. Kengele hakubisha, na karakana nzima ikadhani anaumwa.

Nyumbani alimkuta mkewe anaimba.

"Mume wangu, leo kuna dereva wa tramu mpya, Mungu ambariki! Kasimama hapo hapo dirishani kwangu. Nimejiona mwili mzima, nikagundua pindo limekwenda upande. Mteja angenirudishia usoni. Dereva kama huyo ndiye wa kuolewa naye."

Na Kengele, amini usiamini, akaanza kumwonea wivu dereva huyo.

"Alikuwa mimi."

Mkewe akaacha kuimba, akamtazama, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Wewe? Wewe ungepita hapo nisikusikie? Hata ukipita kwa ndege nitakusikia! Mikono yangu yenyewe imezoea, ule mlio ukilia tu mmoja unapanda. Nisitazame kwa nini? Najua ni nani."

Kengele akatoa pochi, akaanza kuhesabu pesa.

Jumamosi tramu kuukuu ilibeba abiria mrefu asiye na miguu, amefungwa blanketi, amefungiwa kamba nyuma ya kiti cha dereva. "Ole wake atakayemkanyaga," Kengele akawatangazia watu, "huyu anakwenda kulifukuza lile friji dirishani kwangu." Safari hii aliomba wasaidizi wa kubeba, na mgongo wa treni ukapumzishwa.

Jumatatu Mtanashati akatangulia kama kawaida, akapita kwenye ile kona. Dirishani hakuna aliyesimama kumtazama. Mke wa Kengele alikuwa ameipa barabara mgongo, yuko mbele ya kioo kirefu ukutani, anapima bega la gauni.

Chuma kikafika kinalia. Ta, ta-taa, ta!

Mkono mmoja ukapanda, bila kugeuka. Lakini ndani ya kioo, pini mdomoni, macho yalikuwa yanamtazama Kengele moja kwa moja.

Karakanani hakumwacha mtu anywe chai.

"Mke wangu mimi ananisalimia kwa mgongo! Na bado ananiona! Haya, Mtanashati, chana nywele, nenda katafute wako."