Polisi walikuja kuifundisha shule yetu ya Arua usalama, shule nzima ikapotea

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu mambo.

Ninachokileta hapa ni kweli tupu. Anayebisha aje Arua, nitamwonyesha mpaka mbuzi anayehusika. Mbuzi mtamwelewa huko mbele.

Halafu wale ndugu zetu wa kusahihisha ngeli za watu, leo pumzikeni. Mimi ni mtu wa West Nile, Uganda. Kiswahili sisi tulikipata kwa wanajeshi na wafanyabiashara, shule ikaja kukipiga pasi baadaye.

Twende.

Mimi ni mwalimu wa P.5, yaani darasa la tano, katika shule moja ya serikali upande wa Oli. Jina la shule sitaji, kazi bado naipenda.

Nyumbani nina mke, mama Drani, anauza mitumba sokoni. Nina mtoto, huyo Drani mwenyewe, yuko P.1. Na tuna Keji.

Keji ni binti wa rafiki wa mke wangu, mama mmoja wa Yei, ng'ambo South Sudan, walijuana sokoni. Yule mama alirudi kwao kuangalia kama nyumba yake bado imesimama, akatuachia mtoto asome. Tunamsubiri mpaka leo.

Keji haongei sana. Yuko darasani kwangu, ananiita Teacher. Nyumbani pia Teacher, hata nikiwa na taulo naenda kuoga. Nilishazoea, lakini siwadanganyi, ilikuwa inaniuma kidogo.

Sasa, Arua siku hizi ni city, na wazazi walianza kupiga kelele: shule za serikali hazina fensi, kila mtu anakatiza uwanjani kwenda sokoni, usalama uko wapi? Polisi wakasema wana mpango.

Na mwanzoni walifanya la maana, tuwape haki yao. Asubuhi alikuwa anakuja askari kusimamisha boda ili watoto wavuke barabara. Wazazi tukafurahi.

Shida ililetwa na afande mmoja ambaye hapa nitamwita Afande Filimbi, kwa sababu filimbi haikutoka shingoni mwake. Huyu alisema kuvusha watoto barabara ni kazi ndogo. Shule lazima ifanye drill, yaani mazoezi ya kujiokoa.

Akaja na bango kubwa la ASSEMBLY POINT, ndiyo mahali pa kukusanyikia, akalichomeka katikati ya uwanja. Katikati kabisa, wakuu, mahali ambapo hata kuku hana pa kujificha.

Mpango wake ulikuwa hivi: askari wawili wavae kiraia, wajifanye wahalifu, wapige zile risasi za mlio tu. Filimbi ilie. Watoto watoke kwa mistari mpaka kwenye bango, walimu tuwahesabu, basi. Alisema Mvara, mtaa mwingine wa hapa hapa, walishaifanya kwenye shule moja ikaenda safi, mpaka picha zikapigwa.

Mimi nilivishwa kizibao cha kung'aa nikaambiwa mimi ni marshal, msimamizi wa watoto. Nilijiona mtu.

Asubuhi ya siku hiyo Afande akawatangazia watoto kwa megaphone iliyokuwa inakohoa. Tena kwa Kiingereza. "Simulation exercise." Watoto wakapiga makofi. Kwetu mgeni akimaliza kuongea unapiga makofi, umeelewa hukuelewa.

Tukaingia madarasani. Mara pa! Pa-pa!

Wakuu, nilitegemea makelele. Hakuna mtoto aliyelia. Hakuna hata aliyeuliza. Kumbukeni nusu ya shule yetu ni watoto waliovuka mpaka wakikimbia vitu hivi hivi. Wakubwa walitoka mbio kwenda P.1 na P.2, kila mmoja akamnyakua mdogo, wakapita madirishani, nyuma ya vyoo, wakaingia mihogoni. Watoto wa hapa hapa walipoona wenzao wanakwenda, wakaunga.

Kufumba na kufumbua shule ilikuwa tupu.

Mpishi wetu naye alitupa mwiko kwenye posho, ndiyo ugali wetu, akabeba mtoto mgongoni na mwingine kwapani. Yule mama ni wa Ombaci, pale wanajeshi walipoua watu waliokimbilia misheni mwaka 1981. Mtu wa Ombaci wa umri wake akisikia bunduki karibu na watoto, hangojei umweleze ni mazoezi au si mazoezi.

Kwenye bango la ASSEMBLY POINT tulifika wafuatao: mimi na kizibao changu, headmaster, mtoto mmoja wa askari aliyehamia juzi kutoka Kampala, na mbuzi wa jirani.

Afande akapuliza filimbi tena. Mbuzi akamtazama.

"Turnout iko poor," akasema.

Tukaanza kutafuta. Tulizunguka mihogoni tukiita, hakuna aliyejibu, na tulikuwa tunawapita miguuni kabisa. Aliyejitokeza kwanza ni mpishi, ana majani kichwani, akamwendea Afande moja kwa moja.

"Wewe! Bunduki hapana mchezo! Nani nakupa ruhusa kucheza nayo kwa watoto ya watu?"

Afande akasema pole mama. Mpishi akamwambia pole yake aiweke kwenye filimbi.

Baada ya mpishi kusema ni salama, ndipo watoto wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kumbe walikuwa wanamsikiliza yeye. Kufikia saa ya chakula wote walikuwa wamerudi.

Wote isipokuwa Drani na Keji.

Hapo utani wangu uliisha. Nilikwenda mpaka mtoni nikaita mpaka sauti ikakauka. Ukingoni nikakuta ndala moja ya Drani, imeelekea majini. Nikakaa chini kwenye tope kama mtoto.

Mke wangu akaja mbio kutoka sokoni.

"Watoto wako wapi?"

Nikamwonyesha ile ndala.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Assembly point."

Wakuu, jibu lile lilivyonitoka mdomoni nilitamani kulimeza. Mama Drani aliniangalia tu, na bado nilikuwa nimevaa kile kizibao.

Afande Filimbi aliingia mtoni na buti zake zote, maji kifuani, akawa anapapasa chini ya mizizi kwa mikono. Analia, jamani. Mtu mzima na vyeo vyake. Siku hiyo nilitaka kumchukia nikashindwa.

Tukiwa bado hapo, simu ya mke wangu ikalia. Alikuwa mdogo wake mama Keji, anakaa Koboko, mji wa karibu na mpaka, ana kibanda cha chai.

"Mama Drani! Bado iko wazima? Vita naanza Arua? Watoto yenu iko hapa kwangu, nakula!"

Mke wangu alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Mimi sikumbuki nilifanya nini. Naambiwa nilimkumbatia Afande.

Tukapanda pickup ya polisi, Koboko hiyo. Kumbe Keji alimvusha Drani mto, wakatokea barabarani, wakasimamisha lori la viazi. Alimwambia dereva neno moja tu, kwamba shuleni kwao wanapiga bunduki. Dereva akawapakia bila kuuliza nauli, akakanyaga mafuta.

Na huyo dereva, Mungu ambariki, alikuwa anasambaza habari kila anaposimama.

Kituo cha kwanza tukaambiwa shule imevamiwa. Kinachofuata, city imevamiwa. Tulipoingia Koboko maduka yalikuwa yanafungwa, na mzee mmoja akatushauri tusirudi Arua kwa sababu imeshachukuliwa.

"Imechukuliwa na nani, mzee?"

"Hiyo bado hatujaambiwa."

Kosa letu lingine: tuliingia mjini na pickup ya polisi, imejaa tope, Afande ameloa chapachapa. Mtu akapaza sauti, "Hata polisi nakimbia!" Maduka yaliyokuwa yamebaki wazi yakafungwa.

Yaani drill ya kulinda shule ya Arua ilifunga soko la Koboko. Naomba mnionyeshe polisi wengine duniani wenye mkono mrefu hivyo.

Tukafika kwa mama mdogo wake Keji. Keji alisimama mlangoni. Alipoona sare akaweka mkono kwenye fremu.

"Huyo ya bunduki nabaki nje."

Afande akavua kofia, akakaa juu ya jerikeni uani. Hakubishana.

Mimi nikaingia. Drani alikuwa kwenye mkeka, mguu mmoja una ndala. Nikapanua mikono. Mtoto hakuja. Alinitazama, akasogea nyuma, akamwangalia Keji.

"Keji, ni yeye?"

Keji akaniangalia juu mpaka chini. "Teacher, kule ilikuwa nini?"

"Mazoezi tu, mwanangu. Hakukuwa na vita."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

"Lakini wewe hapana kimbia."

Nikaanza kukivua kizibao.

"Mi naangalia nyuma, natafuta wewe. Wewe nasimama tu katikati ya uwanja, na nguo ya kung'aa. Mi nasema, huyu wamemaliza. Drani nalia, nataka kurudi kwa baba. Mi namwambia baba yako alishakufa, twende."

Aliyasema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Nikapiga magoti, Drani akaja kunishika uso kwanza, pua, masikio, ndipo akanirukia. Keji alichelewa kidogo, lakini alikuja.

Tulilia wote, wakuu. Na uani Afande alikuwa anapuliza pua vibaya sana.

Polisi bado wanakuja kuvusha watoto barabara. Drill haijarudi. Bango Afande aliling'oa mwenyewe, kimya kimya, na mbuzi amebaki na uwanja wake. Wiki iliyofuata Afande alikuja nyumbani kiraia, bila filimbi, akamwomba Keji amwonyeshe watoto wanapitaga wapi wakikimbia. Keji akamwonyesha njia moja. Nyingine amezificha, ameniambia mimi tu.

Nilichojifunza: kabla hujamfundisha mtoto kujiokoa, muulize kwanza amepita wapi mpaka akafika kwako. Na kizibao cha kung'aa usikubali kuvaa.

Walimu na wazazi humu, hasa mliokaa na watoto waliokimbia vita, nyie mnafanyaje? Leteni uzoefu wenu hapa chini. Na kama kuna polisi humu, karibu pia, tutakuachia nafasi mlangoni.

Siku hizi Jumamosi Keji anatufanyisha drill yake, kutoka nyumbani mpaka mtoni. Mke wangu mbele na Drani, mimi nafuata na kitambi changu. Keji anakaa nyuma ya wote, na yeye ndiye mwenye mbio kuliko sisi.

Nikamwuliza, kwa nini usitangulie?

"Nataka kuona wewe nakimbia, baba."