Paa Halishuki Bila Leso

Swala ya alasiri imekwisha Majengo, wapiga tarumbeta wa beni wanajaribu midomo yao, lakini gari la harusi haliondoki. Taib Mwinyi, dereva wake, yuko nyuma ya gari na kitambaa mkononi. Anafuta vumbi kwenye mbavu za chuma zinazoshikilia paa, ubavu mmoja baada ya mwingine, kama mtu asiye na safari.

Gari lenyewe ni la kabla ya vita, rangi ya maziwa, na paa lake ni turubai la kukunjwa. Likikunjwa hulala nyuma, juu ya buti. Hapo ndipo penye balaa. Gari likitikisika, chuma na bizimu husugua rangi, na chembe ya mchanga ikiingia katikati, basi tena.

"Bwana harusi hafichwi," shangazi mmoja analalamika mlangoni. "Shusha paa, watu watuone, twende zetu."

"Nitashusha," Taib anajibu bila kugeuka. "Lakini halishuki bila leso."

Usimwone mkaidi, ana lake lililomfika. Mwaka jana, kwenye harusi moja mtaani Tudor, aliwasikiliza wenye haraka akalikunja paa hivi hivi. Rangi ikatoka na mkwaruzo ambao hata kipofu angeuona kwa kidole. Mwenye gari, Bwana Abdulghafur, anayelikodisha kwa maharusi, alimwambia neno moja tu: ukija mkwaruzo mwingine, nipe ufunguo wangu.

Kabla ya kushika usukani, Taib alikuwa mchukuzi wa magunia bandarini Kilindini. "Bega hili limekula magunia ya kutosha," anasema. "Nina mke na watoto. Sirudi huko kwa haraka ya mtu."

Na kwa nini leso, asitandike kitambaa cha merikani? Anacheka. "Merikani mpya ina wanga, ngumu kama ubao. Leso kuukuu imefuliwa hata imelainika. Iweke shavuni, utajua mwenyewe."

Nguo zimekuwa adimu tangu vita, kwa hiyo leo ameazima leso ya mkewe, Mahfudha. Anaitandika juu ya buti, anainyoosha kwa viganja. Tatizo ni kwamba leso haikosi jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake, na jina la hii, kwa herufi kubwa, ni *Mla vya watu havimtoshi*.

Bi Bimdogo, mama wa bwana harusi, anasoma. Anasoma tena.

"Taib," anasema polepole. "Mwanangu anakwenda ukweni Kibokoni kula karamu, nawe wamtangazia ulafi mgongoni?"

Taib hakuwa amesoma. Yeye hutazama ulaini tu. Anaikunja leso, maandishi yaingie ndani.

"Hata ukiyaficha. Leso hiyo aijua kila mwanamke wa mji huu. Wakiona maua yake tu, washasoma."

Bwana Abdulghafur, aliyealikwa harusini, anasogea mbele. Hataki fitina na watu wanaokodi gari lake. "Ondoa leso, Taib. Ama nipe ufunguo."

Taib anauweka ufunguo juu ya boneti, taratibu.

"Huu hapa, Bwana. Mwaka jana ulisema mkwaruzo ndio utakaonitoa. Leo wasema leso. Haya, natoka, na rangi yako naiacha nzima. Paa mtalikunja nyinyi."

Anaegemea ukuta, mikono kifuani. Hakuna anayeligusa paa. Bwana harusi, Jamaldin, anatota jasho ndani ya joho lake.

"Nilishayaona magunia," Taib anaungama baadaye. "Lakini nikasema moyoni, leo hanitishi mtu."

Bi Bimdogo anamtazama mwanawe, anautazama ufunguo, halafu anaingia ndani. Anatoka na leso iliyopauka, laini kama ngozi ya mtoto.

"Shika. Hii nilimbebea Jamaldin mgongoni, hana hata jino."

Taib anaiweka shavuni. "Hii naam, mama."

Anaitandika, na safari hii kila mtu anainama kusoma: *Hamnipendi, hamnitoi*.

"Waisome hao wakwe," anasema Bi Bimdogo. "Mwaka mzima wamemkataa mwanangu."

Kicheko kinapasuka barazani. Paa linashuka na kulala juu ya leso. Bwana Abdulghafur naye anayasoma yale maneno. Anauokota ufunguo na kumrudishia dereva wake.

"Endesha, maana hutoki," anasema.

Asubuhi ya pili mwandishi wa habari hii anapapasa buti kwa kiganja. Hakuna mkwaruzo. Taib ameshaweka sharti jipya: anayelikodi gari aje na leso ya mamake, kuukuu, jina alichague mwenyewe.

Lakini leso anayoitamani awe nayo daima ni moja. Ile ya jana Bi Bimdogo ameirudisha kwake, ni kumbukumbu ya mwanawe. Ila leso huuzwa mbili mbili, zote jina moja, na mwenziwe alilala sandukuni miaka yote, hajavaliwa.

"Ameniahidi hiyo," Taib anasema, akiutia ufunguo mfukoni. "Ngumu bado. Ameitoa, anaivaa jikoni kila siku ilainike. Ikishalainika, mji mzima utanisoma."