Mfuko wa Kodi Niliongoja Uchukuliwe

Mtanicheka, lakini sikilizeni. Miye sikusoma, ila saluni yangu hapa Overport, huku ugenini, nimeijenga mwenyewe. Kwetu Bukavu mtu wa kodi anapitaga dukani, anakukaripia, unalipa. Basi kila mwezi nilikata kwenye mishahara ya wafanyakazi pesa ya kodi na ya bima ya kazi, nikaifunga ndani ya mfuko, nikangoja apite. Hakupita. Nikajisifu: "Wananiogopa!"

Juzi Aline, msusi wangu mwenye mimba kubwa, alirudi kutoka ofisi ya serikali akilia.

"Papa, nimeomba pesa ya uzazi ya ile bima ya kazi, wanasema jina langu haliko. Ulikula pesa yetu?"

Miye, mwizi? Nikabeba mfuko, tukaenda wote ofisini, njia nzima nikiwaza pingu. Nikaumwaga mbele ya mama wa dirishani, foleni yote inatazama.

"Iko yote! Niliwangoja mpite!"

"Eish, Baba," akasema taratibu, "hapa hatupitagi. Mwajiri anajiandikisha, anatuma mwenyewe kila mwezi."

Foleni ikaangua kicheko. Aline hakucheka. Alishika tumbo.

"Sasa Papa, na huyu tumwambie angoje?"