Mkwe Kando ya Kitanda cha Bibi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua mjini Musoma, mwanangu, nimeinama kwenye karo nyuma ya wodi ya wanawake, nafua khanga za bibi yangu. Maji yalikuwa mekundu. Nilifua haraka, natazama huku na huku kama mwizi, ili nimalize kabla watu hawajajaa.

Bibi Nyangeta ndiye aliyetulea. Baba na mama walipofariki, mimi mkubwa niliacha shule nikiwa darasa la tano, nikabaki naye kijijini Bukima kulima mihogo na kuanika dagaa, ili wadogo zangu wapate kula na kusoma. Aliniita mke mwenza, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. "Mke mwenzangu, leo umeunguza ugali, mume wetu atakurudisha kwenu." Mume wetu alikuwa babu, ambaye mimi sikuwahi hata kumwona.

Kisha akaanza kutokwa damu, mwanamke mzee ambaye mambo ya mwezi yalimwisha zamani. Niliijua kwa sababu mimi ndiye niliyemfulia. Akaniapisha nisimwambie mtu. "Haya ni ya ndani ya khanga," alisema, nami nikanyamaza. Siku alipoanguka njiani akitoka shambani, viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo.

Shangazi, mtoto wake pekee aliyebaki hai, aliolewa Bunda na siku hizo alikuwa ametoka kujifungua. Akaja mumewe, Bwana Mafuru, karani wa ofisi. Simsemi vibaya mtu huyu. Alitafuta gari, akamfikisha bibi hospitali, na damu ilipohitajika akanyoosha mkono wake mwenyewe wakamtoa. Ndugu wakakubaliana awe msemaji wa mgonjwa. Ni mwanamume, amesoma, anajua kuongea na madaktari. Nani angemchagua msichana wa darasa la tano?

Lakini alikuwa mkwe, mwanangu. Kwetu mama mkwe hali chakula mbele ya mkwewe, wala hataji mbele yake jambo lolote la mwili. Wakati wa raundi ya madaktari mlinzi alitutoa nje wote, akabakizwa msemaji. Mimi nilisimama dirishani na chupa ya uji. Nilimwona bibi akijifunika khanga hadi puani, na daktari akimuuliza kama anatokwa damu mahali popote.

"Hapana, mjukuu wangu. Niko salama."

Daktari akaandika. Kila siku aliuliza, na kila siku bibi alikuwa salama. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Wakamwongezea damu ya mkwewe, nayo ikatoka palepale ilipotoka ile ya kwanza, nami nikaenda karoni kuifua.

Basi asubuhi ile ya mvua mama mmoja wa Butiama, mama Wambura, aliyekuwa anamuuguza dada yake kitanda cha jirani, alikuja na ndoo yake akasimama nyuma yangu.

"Khanga za nani hizo?"

"Zangu, mama."

"Zako! Wewe ungekuwa na damu hiyo yote ungekuwa umelala humo ndani, siyo umeinama hapa." Akaiweka ndoo chini. "Nawaonaga. Yule bwana wenu anajibu, wewe unafua. Leo nimesikia wanampa ruhusa arudi nyumbani. Akifia njiani utamfulia nini?"

"Ameniapisha, mama."

"Ameapisha mtoto. Mtu mzima akiona mwenzake anazama, anamuuliza kama ameruhusiwa kumvuta?"

Hakunionea huruma. Alichukua khanga kutoka mikononi mwangu, akaanza kuzisuuza yeye.

Nilikwenda kwa muuguzi. Akaniambia msemaji wetu yupo, nipitie kwake. Sasa ningempitiaje mkwe kwa habari kama ile? Nikarudi mlangoni, na raundi ilipoanza mlinzi alinishika bega nitoke. Sikutoka. Nilishika chuma cha kitanda cha kwanza nikasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia, "Daktari, naomba baba huyu atoke kwanza ndipo umuulize bibi."

Bwana Mafuru aligeuka, uso umemvimba. "Wewe binti, mimi ndiye wa kutolewa? Mimi niliyemleta?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Daktari alikuwa kijana. Alinitazama, akamtazama bibi aliyejifunika, akamwomba Bwana Mafuru asubiri nje. Wakavuta pazia. Bibi alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona tena kwa mtu.

"Umenivua nguo," alisema kwa Kijita. Kisha akageukia ukutani. "Sema wewe. Mimi siwezi."

Nikasema. Ilianza lini, inatoka vipi, harufu yake, maumivu ya kiuno ambayo yeye aliyaita uchovu wa jembe. Daktari alikaa pembeni ya kitanda, hakuandika, alisikiliza tu. Ruhusa ikafutwa. Walimpima, wakatupeleka Mwanza, na huko wakatuambia ni saratani ya shingo ya kizazi, imeenea. Kama tungefika mapema, walisema. Neno hilo mapema nimelala nalo maisha yangu yote.

Tulirudi Bukima na dawa ya maumivu, tukijua tunachokiuguza. Alikula uji mkononi mwangu mpaka siku ya mwisho, lakini hakuniita tena mke mwenza. Alifariki mvua za vuli zilipoanza.

Baada ya maziko Bwana Mafuru alinikuta jikoni. Nilidhani atanigombeza. Alisema, "Mngeniambia tangu mwanzo, ningekaa nje siku zote." Akatoka. Alikuwa tayari kutoka. Hakuna aliyemwambia kuwa anaziba mlango.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mgonjwa usiyemwosha hujui ugonjwa wake. Familia yako ikikaa kuchagua msemaji, heshima ya mkubwa mpeni mkubwa, lakini mbele ya daktari mpelekeni yule anayemlisha na kumfulia, hata kama ni mtoto wa kike asiyejua kuandika. Kama ni wewe, usingoje kuulizwa. Na kama Mungu amekujalia koti jeupe, usimfukuze mwenye ndoo ya kufulia kabla hujamsikia. Muulize mzee peke yake, na ujue kati ya waliosimama pale nani ni mkwe wake kabla hujauliza. Siri ya mzee itunze sokoni na kanisani. Ikianza kumuua, itoe, hata akikuchukia. Mimi nilichukiwa, na ningerudia leo, isipokuwa ningefanya hivyo siku ya kwanza.

Mungu akuzeeshe mikononi mwa mtu anayekujua. Akupe sauti siku utakayosimamishwa mlangoni, na wagonjwa utakaowauguza wakutangulie kwa usingizi wa amani, siyo kwa kuficha aibu. Amina.